Neno Lifike kwa Mwenyewe Kwanza: Ushauri kwa Mkristo Anayetaka Kuutawala Ulimi

Swali hili linarudi kila mara, na wanaouliza si watu wasiosali. Ni mama anayeongoza sala za jumuiya Chang'ombe, kijana wa kwaya Nkuhungu, mtumishi wa Serikali aliyehamia Ilazo, mzee wa kanisa wa Bahi. Wote wanasema jambo moja: naipenda Biblia, naipenda ibada, lakini mdomo wangu unaniaibisha. Nifanye nini?

Wengi wao wameshatubu, wengine wamefunga na kuombewa. Jumapili wanatoka kanisani na nia njema, Jumatatu asubuhi kwenye foleni ya maji wanajikuta wamesema yale yale. Hapo wanaanza kudhani kwamba imani yao ni ya bandia. Mimi siamini hivyo. Naamini walipewa agizo bila kupewa utaratibu. Sura ya tatu ya Yakobo imehubiriwa sana, na hakuna asiyejua kwamba ulimi ni moto. Kinachokosekana ni kujua cha kufanya saa kumi na moja jioni, umechoka, jua limekuunguza, na jirani ametamka neno.

Kwa hiyo hapa nitazungumzia utaratibu. Jambo ninalotaka ulishike kuliko yote ni hili: dhambi nyingi za ulimi ni neno lililopelekwa kwa mtu asiyehusika. Neno lile lile, likipelekwa kwa mwenyewe na kwa wakati wake, lingekuwa onyo, ombi au msamaha.

Jua unateleza wapi

Hakuna anayekosa kila mahali. Yupo aliye mpole kazini na mkali nyumbani. Yupo asiyeweza kumtukana mtu usoni, lakini akishika simu anakuwa mtu mwingine. Yupo anayejizuia mwaka mzima, kisha msiba ukitokea na watu wakikaa chini ya turubai, anafungua habari za marehemu na za mjane mpaka usiku. Mfugaji hangoji ng'ombe waingie kwenye uwele wa jirani ndipo afunge zizi. Nawe weka mlinzi pale pale maneno yako yanapotokea. Mwandishi wa Zaburi ya 141 aliomba jambo hilo hasa, kwamba Mungu aweke mlinzi kinywani pake.

Kwa hapa kwetu Dodoma, sehemu zinazotajwa zaidi ni hizi:

- Foleni ya maji. Mji umekua kwa kasi tangu Serikali itangaze kuhamia huku mwaka 2016, na visima vya Mzakwe vinatakiwa kunywesha watu wengi kuliko zamani. Siku ya mgao, ndoo moja ikisogezwa mbele ya nyingine, yanatoka maneno ya miaka kumi.
- Kikao cha kikoba au kamati ya harusi. Penye hela na daftari, tuhuma haziko mbali.
- Mpaka wa kiwanja. Hili lina uchungu wa pekee mjini hapa. CDA, mamlaka ya kustawisha makao makuu, iliundwa mwaka 1973 na kuvunjwa mwaka 2017, na katika miaka hiyo yote familia nyingi zilibaki na madai ya fidia na migogoro ya viwanja. Majirani wanaorithi mgogoro wanarithi na matusi yake.
- Nyumbani, kati ya saa kumi na mbili jioni na saa mbili usiku. Mmoja amerudi kutoka Mtumba amebanwa kwenye basi, mwingine ameshinda na watoto, na chakula hakijaiva.
- Nje ya kanisa, dakika chache baada ya baraka.

Fanya hivi. Kwa juma moja, kila jioni kabla ya kulala, andika mambo matatu: nilikosea wapi, saa ngapi, na nilikuwa na nani. Maneno yenyewe usiyaandike, maana ukiyaandika utayaonja upya na hasira itarudi. Juma likiisha, angalia ni mahali gani pamejirudia. Chagua mahali hapo pamoja tu, upashughulikie mwezi mzima.

Kosa la kawaida hapa ni kuapa kwamba kuanzia leo hutasema neno baya tena maishani. Kiapo cha namna hiyo huvunjika kabla ya Jumatano, na kikivunjika unajiona huna haja ya kuendelea.

Tazama na majira. Mvua zetu ni za msimu mmoja, tangu Desemba hivi mpaka Aprili. Ifikapo Oktoba na Novemba vumbi limejaa, akiba ya mtama na mahindi imepungua, na gharama za shule za Januari zinakaribia. Miezi hiyo nyumba nyingi huwa na maneno. Mkijua hivyo mapema, mazungumzo ya pesa yawekeni Jumamosi asubuhi baada ya uji, msiyaanze usiku wa katikati ya juma mkiwa na njaa.

Mwendee mhusika

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mambo mengi yameegemea hapa.

Katika Mathayo 18, mstari wa 15 hadi wa 17, Yesu alipanga hatua. Ndugu akikukosea, umwendee, ninyi wawili tu. Asiposikia, chukua mmoja au wawili. Akikataa tena, ndipo kanisa lijue. Sisi tumezoea kuanzia mwisho. Kanisa linajua kwanza, kisha majirani, kisha shangazi aliyeko Singida. Mhusika anasikia wa mwisho, tena habari ikiwa imetiwa chumvi mara tatu.

Kumwendea mtu kunatisha. Ndiyo maana ni rahisi zaidi kumwambia mwingine. Utaratibu huu utakusaidia:

1. Omba kabla ya kwenda, na ujiulize unataka nini hasa. Kama unachotaka ni kumwona akiaibika, bado hujawa tayari. Ngoja siku moja au mbili.
2. Omba nafasi. "Dada, nina neno nawe, utakuwa na nafasi lini?" Usimvamie mbele ya wateja wake Soko la Majengo wala mbele ya wanawe.
3. Nenda peke yako. Ukifika na rafiki, yeye ataona umeleta jeshi.
4. Salimia kikamilifu. Ugogoni mtu hafiki na kumwaga shauri mlangoni. Ni salamu ya mbukwa kwanza, kisha habari za nyumbani, za watoto, za mifugo, za mvua. Dakika hizo huwapoza wote wawili, basi usizione kuwa zimepotea.
5. Sema ulichokiona au kukisikia mwenyewe, uache unachokidhani. "Juzi kwenye kikao ulisema nimekula hela ya kikoba" ni neno linalojibika. "Wewe unanichukia tangu zamani" halijibiki, linazaa ugomvi tu.
6. Uliza, kisha unyamaze mpaka amalize. Mithali 18:13 inamhesabu mpumbavu yule anayejibu kabla hajasikia.
7. Usilete ya mwaka juzi. Shauri moja kwa kikao kimoja.
8. Mkielewana, salini pamoja, hata kwa maneno machache. Ukitoka hapo usisimulie mlichozungumza.

Hatua ya nane ndiyo inayovunjwa kuliko zote. Mtu anakwenda vizuri, anasamehewa, analia, kisha akifika nyumbani anamhadithia jirani jinsi mwenzake alivyokiri kosa lake. Huo ni umbea mpya juu ya maridhiano, na ukimfikia mwenzako hatakufungulia mlango mara ya pili.

"Na kama aliyenikosea ni mkubwa wangu?" Swali hili ni la haki. Mkwe hawezi kumkalisha baba mkwe na kumhoji, na kijana hawezi kumwendea mchungaji wake kama anavyomwendea mwenzake wa kwaya. Adabu yetu imeshatengeneza njia: mtumie mtu wa kati. Anaweza kuwa shangazi, mshenga wa ndoa yenu, au mzee wa kanisa anayeheshimiwa na pande zote. Awe mmoja, na umwambie wazi kwamba unampa neno hili ili alifikishe. Ukilipeleka kwa watu watano ambao hakuna hata mmoja atakayelifikisha, hao si wa kati, ni wasikilizaji wako.

"Lakini moyo unaniuma, lazima nimwambie mtu." Kweli, Mkristo hakuitwa kubeba kila kitu peke yake. Kabla ya kusema, jiulize maswali matatu:

- Je, huyu ninayemwambia anaweza kunisaidia, au anaweza kunisikiliza tu na kunichochea?
- Je, niko radhi mhusika ajue kwamba nilikwenda kwake?
- Je, huyu ni wa kwanza, au nimeshasimulia mahali pengine?

Jibu likiwa baya kwa swali lolote kati ya hayo, rudi ukamwambie Mungu kwanza. Zaburi zimejaa watu waliolalamika kwake kwa maneno makali sana, na hakuwafukuza.

Hasira ikiwa imeshapanda

Maandalizi ya hasira hufanywa ukiwa mtulivu. Ukingoja ipande ndipo utafute neno la busara, hulipati. Linalokuja haraka ni lile ulilolizoea. Basi andaa neno lako leo, ulifanyie mazoezi kwa sauti mpaka likuzoee. Chagua moja kati ya haya au tunga lako:

- "Nimekusikia. Naomba nikujibu kesho."
- "Hapa tulipofika nitasema vibaya. Ngoja nikanywe maji."
- "Kaka, pengine una haki. Nipe muda nifikiri."
- Kwa mwenzi wa ndoa: "Mama fulani, shauri hili tusilimalize leo usiku, tulale, kesho tukae."

Kisha ondosha mwili. Simama, toka nje, chota maji, fagia ua. Mwili ukibaki palepale umemkabili mtu, ulimi nao unabaki vitani.

Kuna onyo hapa, hasa kwa wanandoa. Kuahirisha si kununa. Mtu anayesema "kesho" na kesho ikafika akakaa siku nne bila kumsemesha mwenzake, ameugeuza ukimya kuwa fimbo. Paulo katika Waefeso 4:26 hataki jua lizame hasira ikiwa bado imewekwa. Kama shauri lenyewe ni kubwa mno kumalizika leo, angalau malizeni chuki ya leo: salimianeni, kuleni pamoja, na mtajane saa ya kuendelea kesho.

"Nikinyamaza wataniona mjinga." Wengine watakuona hivyo, nakubali, hasa kijiweni na kituo cha bajaji ambako anayejibu kwa kasi ndiye anayeshangiliwa. Lakini angalia wanaoshangilia. Siku ukipata shida, ukitafuta mtu wa kukutunzia siri au wa kukuwekea hela ya ada, hutamwendea yule mwenye majibu ya haraka. Utamwendea aliyewahi kunyamaza. Mithali 17:28 inasema hata mpumbavu akinyamaza huhesabiwa mwenye hekima, sembuse wewe mwenye akili zako timamu.

Umbea wa kanisani

Nalisema hili kwa uchungu, maana linatuumiza. Mahali ambapo siri za watu hutoka kwa urahisi kabisa ni pale tunaposema "tumwombee." Mtu angeona aibu kusema mtaani kwamba binti wa fulani amepata mimba, lakini kwenye sala ya jumuiya analisema kwa sauti ya huruma, pamoja na jina la mtaa na jina la kijana.

Ukiombea watu mbele ya wengine, shika haya:

- Usitaje jambo ambalo mhusika hajakuruhusu kulitaja. Ukishindwa kumwomba ruhusa, hilo peke yake limekujibu.
- Sema hitaji, acha kisa. "Tuombee familia moja iliyo katika majaribu" inatosha. Mungu anaijua nyumba.
- Mtu akianza kueleza kisa, kiongozi amkate kwa upole: "Asante mama, tumeelewa, tuombe." Usingoje amalize.

Jambo la pili ni ushuhuda. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, ulifika pia Dodoma, ndani ya Dayosisi ya Central Tanganyika iliyoanzishwa mwaka 1927. Uliwafundisha watu kutembea nuruni, yaani kukiri makosa wazi na kupatana. Katika ushirika huo wengi walirudisha walichoiba na kuomba msamaha kwa watu waliowachukia. Ni urithi mzuri na sitaki tuupoteze. Ila ukiri una mpaka wake: kiri dhambi yako, usikiri ya mwenzako. Anayesimama kusema "namshukuru Bwana, nimemsamehe mama fulani aliyeniroga" hajashuhudia chochote, amemshitaki mwenzake mahali ambapo hawezi kujitetea. Kosa linalowahusu watu wawili likirekebishwa kati ya wawili, kanisa halidai kulisikia.

Utani, na mahali unapoishia

Kuna wanaoogopa kwamba Mkristo anayejizuia lazima awe mtu mkavu asiyecheka. La. Utani ni mali yetu. Watani wanasaidiana misibani, wanapozana, wanaambiana ukweli ambao ndugu wa damu angeshindwa kuusema. Lakini utani una masharti, na mji wetu uliojaa wageni kutoka kila mkoa umeanza kuyasahau.

- Watani wajuane. Dhihaka kwa mtu usiyemfahamu ni dhihaka tu.
- Mwenzako awe na nafasi ya kukurudishia. Bosi akimtania mhudumu ambaye hawezi kumjibu, huo ni uonevu.
- Usiguse ugumba, maradhi, ulemavu, wala mtoto aliyefariki.
- Asipocheka, acha na uombe radhi hapo hapo. Usimlaumu kwamba hajui utani.

Na kuna utani mmoja ninaoomba tuuache kabisa makanisani, ule wa kumwita kila Mgogo ombaomba. Anayeusema pengine hajui kilicho nyuma yake. Kati ya mwaka 1917 na 1920 Ugogo ilipigwa na njaa ambayo wazee waliita Mtunya. Majeshi ya Vita ya Kwanza ya Dunia yalikuwa yamechukua nafaka, ng'ombe, na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakosekana. Watu walikufa wengi, wengine wakatawanyika kutafuta chakula mbali na kwao. Ukame umerudi mara nyingi tangu hapo. Anayecheka njaa ya ukoo wa mwenzake hana budi kujua anacheka makaburi ya nani.

Simu nayo ni kinywa

Mtu huandika kundini maneno ambayo hangeyatamka hata kidogo mbele ya mchungaji. Basi weka mipaka ya wazi:

- Ukiwa na hasira, usitume ujumbe wa sauti. Maandishi unaweza kuyasoma upya kabla ya kutuma. Sauti huondoka na hasira yote, na watu huisambaza.
- Baada ya saa nne usiku usijibu shauri lolote la ugomvi.
- Usisambaze habari ya mtu ambayo huwezi kuithibitisha. "Nimetumiwa hivyo hivyo" haikuondolei kosa. Mathayo 12:36 inatukumbusha kwamba tutatoa hesabu ya kila neno lisilo maana, na sioni kwa nini lililosambazwa lisamehewe.
- Skrinshoti ya mazungumzo ya faragha ni siri ya mtu mwingine. Usiipeleke popote.
- Ugomvi ukizuka kwenye kundi la kwaya au la kamati ya harusi, mpigie mwenzako simu. Usijibizane mbele ya watu hamsini.

Sheria ya nchi nayo ina neno lake. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao, kama ilivyotungwa mwaka 2015, kinamwadhibu anayechapisha mtandaoni habari anayojua ni ya uongo kwa nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kupotosha umma. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Sitaki uogope jela kuliko unavyomwogopa Mungu, ila kama bado hujaona uzito wa kubonyeza "tuma," huo hapo.

Wakati ambao hutakiwi kunyamaza

Soma sehemu hii kwa makini, maana mafundisho kuhusu ulimi yametumiwa vibaya kuwanyamazisha wanaoonewa. Mke anayepigwa ameambiwa akae kimya kwa sababu mwanamke mwema hatoi siri za nyumba. Mtoto aliyeharibiwa na ndugu ameambiwa asiuaibishe ukoo. Huko si kuutawala ulimi. Huko ni kumlinda mwovu.

- Ukipigwa au kutishiwa maisha, sema. Usianze na hatua ya kumwendea peke yako mtu anayeweza kukuumiza. Nenda kwa mtu unayemwamini, na kwenye Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.
- Mtoto akidhulumiwa, piga 116, namba ya simu ya huduma kwa mtoto, au nenda polisi moja kwa moja. Kikao cha ukoo hakichukui nafasi ya polisi.
- Hela ya kanisa au ya kikoba ikipotea, usinong'one nje. Omba taarifa ya mapato na matumizi ndani ya kikao halali, mbele ya mweka hazina mwenyewe.

"Mbona hata Yesu aliwakemea Mafarisayo?" Ndiyo, na aliwakemea wao wenyewe, wakisikia. Tuna mfano wa karibu pia. Februari 1977 maaskofu wa Kanisa la Uganda, wakiongozwa na Askofu Mkuu Janani Luwum, waliandika barua ya kupinga maovu ya utawala, wakaielekeza kwa Idi Amin mwenyewe. Tarehe 16 mwezi huo Luwum aliuawa. Hawa hawakuwa watu wa kunyamaza ovyo. Walilipeleka neno kwa mwenyewe, kwa heshima na bila matusi, wakijua linaweza kuwagharimu.

Ukishateleza

Utateleza. Yakobo mwenyewe amekiri kwamba sote tunajikwaa katika mambo mengi. Kinachotenganisha anayekua na anayerudi nyuma ni muda anaochukua kurekebisha.

- Nenda mapema, ikiwezekana siku ile ile.
- Taja kosa kwa jina. "Nilisema wewe ni mwizi, na nilikosea." Usiseme "kama nimekukwaza, nisamehe," kwa sababu "kama" inamfanya yeye ndiye mwenye tatizo la kukwazika.
- Usiongeze "lakini na wewe." Lake atalitaja mwenyewe akitaka.
- Rudi kwa wote waliosikia. Ulisema kikoba kizima kikisikia, omba radhi kikoba kizima kikisikia. Uliandika kundini, andika kundini.
- Asipokusamehe mara moja, usimlazimishe kwa mistari ya Biblia. Mpe muda.

Festo Kivengere, aliyekuja baadaye kuwa Askofu wa Kigezi na kulazimika kuikimbia Uganda baada ya kifo cha Luwum, aliishi Dodoma akifundisha shule ya Alliance, kabla hajajulikana duniani kwa mahubiri yake. Alikuwa akisimulia jinsi alivyokosana na mkewe Mera wakati anajiandaa kwenda kuhubiri. Rohoni alisikia kwamba arudi akapatane naye kwanza. Akajitetea kwamba muda umekwisha, watu wanamngoja, atafanya hivyo akirudi. Jibu alilopata ni kwamba aende tu kuhubiri, Bwana atabaki nyumbani na mkewe. Akarudi ndani akaomba msamaha. Kisa hiki nimekitaja kwa ajili ya wale wenye huduma, wahubiri, waimbaji na viongozi wa jumuiya, ambao kila siku wana ibada ya kuwahi na wameacha mtu jikoni analia.

Maswali mafupi yaliyobaki

"Ukoo wetu ni watu wa maneno, tumezaliwa hivyo." Kiasi ni tunda la Roho katika Wagalatia 5, na tunda la Roho halirithiwi kwa ukoo. Hakuna aliyezaliwa nalo.

"Mimi ni mkweli tu, sipendi unafiki." Ukweli wako umewahi kumsaidia nani? Kama waliousikia wote wamekukimbia, chunguza namna unavyousema.

"Mwenzangu ndiye anayenichokoza." Inawezekana kabisa. Wewe unawajibika kwa jibu lako, uchokozi wake ni deni lake.

"Watoto wangu wanatukana, niwafanyeje?" Sikiliza unavyomwita dereva wa bodaboda aliyekukata njia, na unavyomzungumzia wifi yako akishaondoka. Wao wameanzia hapo. Rekebisha hapo kwanza, mbele yao, nao wakusikie ukiomba radhi.

Sasa naomba jambo moja, ndugu yangu. Yupo mtu ambaye umemsema kwa wengine na hujawahi kumwambia mwenyewe. Jina lake limeshakujia. Kabla ya Jumapili hii mtumie ujumbe mfupi kumwomba nafasi, uende peke yako, umsalimie vizuri, na neno lake umpe yeye.